Mkono Ulioshushwa: Uchambuzi wa Kisa cha Makala ya Wanafunzi Kamukunji

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na wanafunzi walikuwa wamebanana mbele ya skrini moja katika chumba cha kuhariri. Kwenye skrini ameketi fundi mzee wa majiko juu ya kigoda, mwanga wa asubuhi umempata shavu la kushoto. Picha safi kabisa. Midomo inasonga, mkono umeinuka unapima ukubwa wa kitu hewani. Lakini kinachosikika ni nyundo, kisha mkwaruzo wa kitambaa, kisha sauti ya mtu iliyokatikakatika kama redio iliyokwama kati ya stesheni mbili. Mahojiano yalikuwa ya dakika 47. Zilizofaa kutumiwa zilikuwa 9 za mwanzo.

Mwongozaji alirudisha nyuma mara tatu. Mara ya tatu akavua hedifoni, akageuka, akamuuliza mnasa sauti mbele ya wenzake wote: "Sasa wewe ulikuwa unasikiliza nini?"

Binti hakujibu. Alifungua daftari lake, akaliweka mezani, akatoka nje.

Nilikuwa mlangoni. Mimi ndiye mwalimu wao wa utayarishaji wa filamu katika chuo kimoja hapa Nairobi, na nimeona makundi mengi yakivunjikia papo hapo, siku ya kwanza ya kutazama walichokileta kutoka nje. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu ya lile daftari. Ndani yake palikuwa na mistari minne ya penseli: "4:21 maiki inasugua shati. 4:24 taa nyekundu. 4:30 taa nyekundu tena, nyundo ya jirani. 4:33 nimeinua mkono."

Aliyajua yote, na aliyajua dakika ileile yalipotokea. Kwa nini sauti iliharibika, daftari lilishalijibu hilo. Swali lililobaki nami kwa wiki kadhaa ni hili: inakuwaje watu wawe mahali pamoja kwa kazi moja, mmoja wao ajue kazi inaharibika, na kazi iendelee karibu nusu saa nyingine?

Walivyogawana kazi

Zoezi ni lile ninalolitoa kila muhula wa pili: wiki kumi, kundi la watu sita, filamu ya makala ya dakika 12 kuhusu kazi ya mikono ndani ya jiji. Kila kundi hupewa kamera mbili, kinasa sauti kimoja, maiki mbili za kola, maiki moja ya fimbo na hedifoni. Kuna mtayarishaji, mwongozaji, wapiga picha wawili, mnasa sauti na mhariri. Nani awe nani, nilikuwa nikiwaachia wenyewe.

Hawa waligawana kwa dakika kumi. Waliokuwa na kamera zao wenyewe wakachukua kamera. Mwenye kompyuta yenye nguvu akawa mhariri. Kiongozi wa darasa, msichana mpangilifu sana, akawa mtayarishaji. Uongozaji ulimwendea kijana aliyezoea kusema darasani, ambaye tayari alikuwa akipiga video za harusi na ana jicho zuri kwelikweli. Binti wa sauti alifika mwisho, matatu yake kutoka Rongai ilikuwa imekwama kwenye foleni, akakuta imebaki nafasi moja.

Hakuna aliyemdharau kwa kusudi. Lakini ujumbe ulishafika: sauti ni kazi ya aliyechelewa. Niliona likitendeka nikanyamaza, nikidhani wakikosea watajifunza. Sikufikiria kwamba kosa la wote lingelipiwa na mmoja.

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, hata inayotikisika. Maneno yasiyoeleweka hayavumilii. Kila mwalimu wa filamu hulisema hili, nami nilikuwa nimelisema, tena zaidi ya mara moja. Ila kulisema ubaoni hakukumpa yule binti uzito wowote ndani ya kundi lake.

Mahali penyewe

Kamukunji, eneo la mafundi wa bati jijini Nairobi, huwafikia wengi kwa masikio kabla ya macho. Ukifuata Landhies Road, ukapita Muthurwa na stendi ya mabasi ya Machakos, nyundo zinaanza kukulaki. Mafundi wanakunja bati kuwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, karai, wilbaro, vikaango na majiko. Ndio mahali palipolipa jina la jua kali uzito wake, maana kwa miaka mingi watu walifua vyuma bila paa juu ya vichwa, mpaka katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Rais Moi ilipoanza kuwajengea vibanda.

Wanafunzi waliamua kufuata jiko moja tangu likiwa pipa chakavu la mafuta hadi lishike moto nyumbani kwa mnunuzi. Walichagua lile la kiuno chembamba lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo nyumba nyingi za Nairobi zinalo. Lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likiwa limeanzia kwenye jiko la ndoo la Thailand, kisha likarekebishwa hapa mpaka umbo likawa letu. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, na hutajwa kwamba makaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na jiko la bati tupu. Sehemu ya chuma ni kazi ya mikono ya mafundi kama huyu mzee. Wazo zuri, lenye mwanzo na mwisho, na lenye mtu ndani yake.

Mtayarishaji alitembea. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inadai leseni kwa filamu itakayoonyeshwa hadharani, na leseni hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, akaishughulikia mapema. Akaandaa fomu za ridhaa kwa Kiswahili ili mzee asiwekwe mbele ya Kiingereza cha mawakili, na humo akaeleza picha zitatunzwa wapi na nani atazitumia, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Akaenda kwa viongozi wa mafundi, akanywa chai nao. Sehemu hiyo ya kazi sina la kuikosoa isipokuwa jambo moja, na jambo hilo ndilo lililozaa yote.

Ziara ya kukagua mahali, ile wanayoiita reki, ilifanywa na watu wawili, mtayarishaji na mwongozaji. Pesa za nauli zilitosha wawili. Walirudi na picha za simu zinazoonyesha mwanga unavyoingia kati ya mabati saa nne asubuhi, na kwa picha hizo wakachagua pa kumketisha mzee. Picha ya simu haina nyundo ndani yake. Hakuna aliyerekodi hata nusu dakika ya sauti ya pale.

Asubuhi ya mahojiano

Kigoda kiliwekwa pale mwanga unapopenya. Hatua chache kutoka hapo, kama mita tatu, jirani wa mzee alikuwa akinyoosha bati la pipa juu ya kipande cha reli ya gari moshi, ndio fuawe lake. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kumsogeza mzee kutoka mita 3 hadi 12 kungeishusha ile nyundo desibeli 12. Chini ya paa la mabati ingekuwa pungufu ya hapo kwa sababu ya mwangwi, lakini ingesaidia mno. Nyuma ya kibanda palikuwa na nafasi hiyo. Palikuwa na giza, ndiyo maana hapakuchaguliwa.

Binti alibandika maiki ya kola kifuani, kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni. Akapima sauti ya mzee akihesabu moja hadi kumi, akaweka kiwango ili vilele vifike kama desibeli 12 chini ya dari. Kwa mahali patulivu angekuwa sahihi. Sauti ya kidijitali ina dari yake, sifuri, na kinachopita hapo huwasha taa nyekundu ya kinasa na hukatwa bapa. Kilichokatwa hakirudishwi na programu yoyote. Jirani alipomaliza kukunja taratibu na kuanza kunyoosha kwa nguvu, kila pigo likagonga dari na kumeza neno lililokuwa likisemwa. Angeacha nafasi zaidi, sema desibeli 20, na kinasa kikiwa kwenye biti 24, kiwango cha kurekodi kinachohifadhi vizuri hata sauti ndogo, tungepata sauti ya chini lakini nzima. Hilo hakulijua, na mimi nilikuwa bado sijalifundisha. Halafu saa 4:21 mzee aliinama kuchukua patasi amwonyeshe mwongozaji. Maiki ikaingia kwenye mkunjo wa shati. Haikutoka tena.

Kamera ya pili, iliyokuwa ikipiga kwa upana, ilinasa kilichofuata pembeni mwa fremu. Nimekitazama mara nyingi. Mkono wa binti unainuka hadi usawa wa sikio. Kiganja cha mwongozaji kinaonekana, kimeelekea chini, kinashuka polepole namna ya kumtuliza mtu. Mkono wa binti unashuka. Kichwa chake kinarudi kwenye kinasa sauti, na hadi mwisho wa mahojiano hakiinuki.

Nisimwonee mwongozaji. Dakika hiyo mzee alikuwa akisimulia jiko lake la kwanza, lililorudishwa na mteja mbele za watu kwa sababu udongo ulipasuka siku ya pili. Alikuwa ameanza kusema kwa kusitasita, amelitazama lile patasi mkononi. Yeyote aliyewahi kuketi mbele ya mtu anayesimulia aibu yake anajua hutaki kumkata. Alichokuwa akikilinda kilikuwa na thamani. Hakujua kwamba kilikuwa kinapotea huku akikilinda.

Kulikuwa na kosa jingine, dogo, nitalipita haraka. Kamera ya pili ilikuwa imewekwa fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60, yaani kila fremu hupokea mwanga kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwa fremu 25 na shata ya 1/50 kila fremu hupata miwako miwili kamili, lakini kwa 1/60 haitoshi miwili, na picha za ndani ya kibanda zikatoka na mistari myeusi inayotambaa. Aliyeiweka hivyo alifuata video ya mafunzo kutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Alieleweshwa, akarekebisha, na hakuna aliyemuuliza mbele za watu alikuwa akitazama nini. Tofauti hiyo ya namna makosa mawili yalivyopokelewa ilinikaa moyoni.

Kamukunji ya Jumatatu

Wanafunzi wa vyuo Kenya huita mkutano wao kamukunji, kwa kukumbuka uwanja wa jirani na mafundi hao, uwanja wa mikutano ya siasa ambao Saba Saba ya 1990, yaani Julai 7, siku ya kudai vyama vingi, iliutia kwenye historia. Jumatatu tulifanya ya kwetu, milango imefungwa, kamera zimezimwa.

Nilibandika karatasi ndefu ukutani, nikachora mstari wa muda kutoka saa 4:12 hadi 4:59. Kila mtu akapewa kalamu ya rangi yake. Sharti lilikuwa moja: andika ulichokiona, ulichokisikia na ulichokifikiri wewe, dakika kwa dakika, na neno "wewe" lisitumike kumwelekea mwingine. Hatukuzungumza mpaka karatasi ijae. Ilichukua kama dakika arobaini, na ukimya wake ulikuwa mzito.

Karatasi ilipojaa, ikaonekana kwamba binti hakuwa peke yake kujua. Mpiga picha wa kwanza alikuwa ameandika kwenye 4:30, "Nyundo imezidi. Nataka kumwomba jirani apumzike lakini hiyo ni kazi ya mtayarishaji." Wa pili: "Nyundo. Nadhani maiki ya kola haichukui ya mbali." Mtayarishaji kwenye 4:33: "Naona mkono umeinuka. Mwongozaji amejibu. Basi wameelewana." Mwongozaji, wino mwekundu, 4:33: "Mkono. Nadhani betri ya kinasa. Iko nyingine, tutabadilisha baadaye." Mhariri hakuwepo siku ile, sehemu yake ilibaki nyeupe, na weupe huo nao ulisema jambo, maana ndiye aliyekuja kuishi na ile sauti kuliko wote.

Kisha binti akasema, bila mimi kumwuliza. "Nilijua. Lakini nilifikiri nikisimamisha halafu iwe ni masikio yangu tu, nitakuwa nimemharibia mzee hadithi yake mbele ya kila mtu."

Mwongozaji alikaa kimya kwa muda. Akasema, "Mimi ndiye nilimwambia ashushe mkono na sikumuuliza anataka nini." Hakusema samahani pale. Alisema baadaye, nje, na nilisikia kutoka kwa wengine.

Mwalimu mwenzangu niliyemsimulia alisema tatizo ni kwamba binti hakujiamini, apelekwe kwenye mafunzo ya kujieleza. Ninapinga kabisa. Mtu aliyeandika saa na dakika za uharibifu na akainua mkono mbele ya wanaume watatu waliomtangulia kwenye kazi hakosi kujiamini. Alikosa haki ya kusimamisha. Kundi halikuwa limekubaliana kwamba mwenye hedifoni anaweza kusema "ngoja" na kila mtu akangoja, hata kama atakuja kuonekana amekosea. Bila makubaliano hayo, kila ishara yake ni ombi, na ombi hujibiwa na mwenye haraka.

Niliwaeleza pia habari ya Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia. Wote walilijua jina. Nikauliza nani anamjua John Mathai. Hakuna. Mathai alikuwa mtu wake wa sauti. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa wakiwa kazini. Amin alipoteza mkono wa kushoto, Mathai akafa. Sikuwa na la kuongeza. Binti aliliandika jina hilo kwenye jalada la ndani la daftari lake, na lipo hadi leo.

Kurudi kwa mzee

Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi moja wakatia sahihi. Ngumi iliyoinuliwa ni kusimama sasa hivi, na hakuna anayeuliza sababu mpaka kamera zimesimama. Kiganja wazi ni kungoja mwisho wa sentensi. Mwongozaji atavaa hedifoni ya pili muda wote, kwa kigawanyi cha shilingi mia chache kilichokuwa ndani ya begi tangu mwanzo. Na reki itarudiwa, safari hii binti akiwa mbele. Nauli tulichangishana.

Mtayarishaji ndiye aliyeenda kumwambia mzee ukweli, amefuatana na mwongozaji. Walikuwa wamejiandaa kusingizia mashine. Niliwakataza. Mzee aliwasikiliza, akauliza, "Nani mwenye kazi ya masikio?" Wakamwambia hakuja leo, atakuja kesho. "Mleteni. Mimi jiko likitoka bovu naliona hapa hapa, silingojei mteja."

Binti alikaa pale asubuhi nzima na hedifoni, hana kamera. Akagundua mambo ambayo picha za simu zisingeyasema: nyundo nyingi huanza baada ya saa moja na nusu, kibanda cha nyuma kina mwangwi lakini blanketi mbili za mtumba kutoka Gikomba zikitundikwa zinaumeza, basi moja kwenye stendi hupashwa injini kila alfajiri kwa dakika kama nne. Jirani mwenye reli alipoulizwa kama anaweza kuacha kunyoosha kwa saa moja, alicheka. "Mngeniambia hata siku ile. Ningepaka rangi."

Wakarudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanga ulikuwa mchanga, wa kijivu, haukumpata mzee shavuni. Mwongozaji aliupoteza ule mwali wake mzuri na akaweka taa ndogo iliyofunikwa karatasi nyeupe. Ilimuuma, niliona. Lakini aliiweka mwenyewe, na alipomaliza akamgeukia binti: "Tuko sawa kwako?" Mzee akamwita, "Binti yangu, kaa hapa karibu, wewe ndiye unayenisikia," akamsogezea kigoda kingine.

Ngumi iliinuka mara mbili. Mara ya kwanza ni basi. Kila mtu alisimama, mzee akachukua chai yake, wakangoja injini itulie. Mara ya pili binti alikuwa amekosea. Alidhani maiki imesugua shati, kumbe ni begi la mpiga picha limegusa waya. Wakasimama, akakagua, akasema ni mimi, tuendelee. Wakaendelea. Kwa maoni yangu dakika hiyo moja ya kosa ilikuwa na thamani kuliko yote waliyorekodi, kwa sababu hakuna aliyeguna.

Lakini lazima nieleze na kilichopotea. Hadithi ya jiko lililopasuka mzee aliisimulia tena, kwa sauti safi, na ilikuwa fupi. "Si niliwaambia, lile la kwanza lilirudishwa." Mtu husimulia aibu yake mara moja kwa mtu yuleyule; mara ya pili anakupa muhtasari. Mwongozaji alijaribu kumwuliza kwa njia nyingine, akaona si haki, akaacha. Kazi ya kurudia ilituletea sauti, haikuturudishia ile asubuhi.

Chumba cha kuhariri, mara ya pili

Walikuwa na saa kumi na moja za picha kwa makala ya dakika 12. Niliwalazimisha waandike mahojiano yote neno kwa neno, wakate karatasi vipande, wapange sakafuni kabla ya kugusa kompyuta. Walinung'unika, kisha wakaacha kunung'unika siku ya pili, walipoona wanaweza kubishana juu ya kipande cha karatasi bila kubishana juu ya mtu.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya lile jiko lililorudishwa. Mwongozaji alitaka usimulizi wa siku ya kwanza, uwekwe na maandishi chini ya picha. Mhariri alikataa, akasema sauti ile inaumiza masikio na mtazamaji atazima. Wakavutana siku mbili. Binti hakusema kitu. Aliomba faili, akaenda nalo nyumbani, akasikiliza dakika zote 38 zilizoharibika akiweka alama kila penye mwanya kati ya pigo na pigo. Alirudi na sekunde 52. Hazikufuatana, zilikuwa vipande vinane, lakini ndani yake mlikuwa na "mbele za watu", na ule usitaji, na mzee akivuta pumzi kabla ya kutaja jina la mteja, ambalo hakulitaja.

Mhariri alizifunga pamoja kwa sauti ya mahali. Hii ni ile dakika moja ya kunyamaza ambayo kila mnasa sauti hurekodi kabla ya kufungasha, watu wote wametulia, ili pakatwapo maneno pasibaki shimo. Siku ya kwanza walikuwa wameiruka kwa haraka ya kurudisha vifaa. Waliirekodi safari ya pili, na nyingine saa tatu asubuhi nyundo zikiwa zimeamka zote, kwa sababu binti alisisitiza zinahitajika mbili. Bila hiyo ya saa tatu vile vipande vinane visingeungana.

Mimi nami nilibadilisha mambo. Zamani nilitoa alama moja kwa kundi zima, na aliyebeba wenzake alipata sawa na aliyebebwa. Sasa 60 ni za filamu na 40 ni za shajara ya kazi ya kila mmoja pamoja na maelezo ya wenzake juu yake. Nafasi hazigawanywi kwa dakika kumi tena: kila mwanafunzi hushika kila kazi kwenye zoezi dogo la dakika mbili, kisha ndipo wanapangana, na hakuna reki inayotambuliwa kama mwenye sauti hakwenda. Mwongozaji wa kundi hili, alipomaliza muhula, aliomba ashike maiki ya fimbo kwenye filamu ya kundi jingine. Sikumpendekezea.

Kabla ya kuwasilisha, walimpelekea mzee kazi yao Kamukunji, Jumamosi alasiri, kompyuta imewekwa juu ya sanduku la bati lisilopakwa rangi. Mafundi wengine walisogea. Mzee alitazama bila kusema neno, hata ilipofika kwenye jiko lililorudishwa. Alikuna kidevu tu. Ikaja sehemu ya picha za haraka zinazoonyesha jiko likitengenezwa, mikono, cheche, riveti.

"Simamisha hapo." Alikuwa ameinua mkono.

Mhariri akasimamisha.

"Huo mlango wa majivu mmeuonyesha unakatwa baada ya bati kukunjwa. Hukatwa kabla. Ukikata baada, unapinda. Mafundi wataona."

Mhariri alimtazama mwongozaji, mwongozaji akamtazama mzee. Ilikuwa zimebaki siku mbili, na kubadilisha mpangilio huo kulimaanisha kupanga upya sauti zote zilizo chini yake. Binti alishatoa daftari. Faili la mwisho walilonikabidhi limetiwa muda wa saa tisa usiku, kuamkia Jumapili.